Herufi ya Ishirini

Bernadetha Shimba alifika Kilosa mwezi wa Septemba mwaka 2004, akiwa na miaka ishirini na sita, begi moja la nguo na diski kumi na mbili za programu alizozifunga ndani ya kanga zisikwaruzike. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa Dumila yeye akiwa darasa la tatu, kwa hiyo wilaya haikuwa ngeni kwake. Kigeni kilikuwa kile alichoajiriwa kukifanya.

Kituo cha utafiti wa damu kilikuwa kimepanga katika ofisi za zamani za shamba la mkonge. Shamba lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, na mnunuzi hakuwa na haja na majengo yale. Humo ndani mlikuwa na kompyuta tatu, jenereta, maabara ndogo na makabati ya karatasi zenye namba za watoto mia tatu na arobaini waliotolewa damu kuanzia Lumuma hadi Mikumi. Damu ilipelekwa nje ya nchi ikasomwe herufi za vinasaba. Majibu yalirudi kwenye diski, kila maabara ikiwa imeyaandika kwa namna yake, hata ukifungua mafaili mawili ya mtoto mmoja ungedhani ni ya watoto wawili.

Kazi ya Bernadetha ilikuwa kuyafanya mafaili yote yaseme lugha moja. Kwa ajili hiyo kulikuwa na maktaba, si ya vitabu, ila ya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo programu nyingine huviazima badala ya kuanza upya. Maktaba hiyo iliandika kila tofauti ya kinasaba kwa mambo matatu: ni herufi ya ngapi, ilipaswa kuwa herufi gani, imekutwa herufi gani. Bernadetha aliiweka kwenye kompyuta zote tatu, kisha akaandika kwa mkono wake kipande kifupi cha kuyaingiza mafaili ya maabara ndani yake. Kilikuwa kurasa mbili tu. Siku alipokiwasha, mafaili yalipita moja baada ya jingine bila kukwama hata mara moja. Daktari Vitalis, mkuu wa kituo, alisimama nyuma ya kiti chake akapiga makofi.

"Wenzetu wa Dar wamehangaika na kitu hiki mwaka mzima," alisema. "Wewe miezi mitatu!"

Ugonjwa waliokuwa wakiutafuta ni sikoseli. Unatokana na herufi moja tu, ya ishirini katika kinasaba kimoja cha damu. Mtoto aliyerithi herufi mbaya kwa baba na kwa mama, chembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, na homa ambayo mwenzake angeilala siku mbili yeye humwondoa. Watoto walioshukiwa walikuwa wakinywa kidonge cha penisilini kila siku kuwakinga. Januari kituo kikachapa vikaratasi vya majibu, vikapelekwa moja kwa moja kwenye zahanati. Kikaratasi kikisema "Tofauti: hakuna", nesi alimwachisha mtoto dawa.

Mwezi wa Februari mama mmoja alishuka kwenye treni kutoka Munisagara akiwa na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Aliitwa Mama Kulwa. Alikuwa amezaa mapacha, Kulwa na Doto, na Doto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, vidole vimemvimba, akilia mifupa. Kulwa naye alianza kuvimba vidole hivyohivyo. Sasa nesi amemsomea kikaratasi: Kulwa hana kitu.

"Dada, wewe ndiye uliyeniandikia?" aliuliza.

"Kompyuta ndiyo iliyoandika, mama."

"Basi Mungu aibariki hiyo kompyuta." Akamkumbatia Bernadetha pale kwenye baraza, akalia, na Bernadetha akalia naye kwa furaha.

Jumatatu ya pili ya Machi mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Bernadetha alikuwa akitengeneza jedwali la ripoti ya wafadhili: idadi ya watoto upande mmoja, aina ya tofauti upande mwingine. Alipofika kwenye mstari wa sikoseli kompyuta ikatoa sifuri. Alitabasamu. Kisha akaiuliza kuhusu wale waliorithi kwa mzazi mmoja tu, ambao hawaugui. Sifuri pia.

Thadeo, mtu wa maabara, aliingia akikung'uta mwavuli. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na alikuwa ametazama damu kwa darubini tangu wakati wa vijiji vya ujamaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umekodolea macho hiyo?"

"Sikoseli. Watoto mia tatu na arobaini, hakuna hata mmoja."

Thadeo aliuweka mwavuli chini polepole. "Hata wa upande mmoja?"

"Hata huyo."

"Hapa Kilosa? Binti, hiyo haiwezekani. Ukiokota watoto kumi pale sokoni utampata." Akavuta kiti, akaketi. "Nifungulie namba mia moja kumi na saba. Damu yake niliitazama mwenyewe kabla haijasafirishwa. Ilikuwa miundu mitupu."

Bernadetha alifungua. *Tofauti: hakuna.*

Wala hakuhitaji kuangalia daftari la majina. Mia moja kumi na saba alikuwa Kulwa Budeba, wa Munisagara.

"Nilisikia ameachishwa dawa," Thadeo alisema kwa sauti ndogo. "Nikasema labda macho yangu yamezeeka. Nikaiamini mashine."

Bernadetha alilifungua faili lenyewe la maabara, lile la asili, akaanza kuhesabu herufi za mtoto huyo kwa ncha ya kalamu kwenye kioo, moja, mbili, tatu, kama mwanafunzi wa chekechea. Ya ishirini ilikuwa T mahali palipopaswa kuwa na A. Ile yenyewe. Ilikuwepo muda wote. Alirudia mara tatu akitumaini amekosea.

Kisha akasoma kurasa zake mbili, na kwenye mstari wa arobaini akaliona kosa. Maabara ilihesabu kuanzia moja, kama mtu anavyohesabu watoto wake. Maktaba ilihesabu kuanzia sifuri, na ilikuwa imesema hivyo waziwazi kwenye maelezo yake, katika ukurasa aliousoma kwa haraka. Alipaswa kupunguza moja. Hakupunguza. Kwa hiyo kila mara maktaba ilipoulizwa herufi ya ishirini, ilichukua ya jirani, ya ishirini na moja. Jirani huyo ni G kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Maktaba ikalinganisha G na G, ikaandika kwa utulivu kwamba hakuna tofauti.

Alisahihisha. Alama moja na tarakimu moja. Akawasha upya.

Waliorithi kwa mzazi mmoja, hamsini na wawili. Kwa wazazi wote wawili, kumi na mmoja.

Kumi na mmoja. Wazo la kwanza lililomjia, na baadaye alilikiri bila kuficha, halikuwa la watoto. Aliwaza kwamba Thadeo hajui kompyuta. Yeye Bernadetha angeweza kufuta mstari ule, kuchapa vikaratasi vipya, na kusema maabara ya nje imeleta masahihisho. Hakuna ambaye angejua. Alilitazama wazo hilo jinsi mtu anavyomtazama nyoka aliyelala mlangoni, anaogopa kumsogelea na anaogopa kumwacha. Halafu akasema, "Mzee, kosa ni langu."

Daktari Vitalis alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Umemwambia nani?"

"Mzee Thadeo anajua."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Wafadhili wanakuja tarehe ishirini na nane." Aliongea akiitazama meza. "Tujipe wiki mbili. Tuhakikishe, tuandike kitu kilichonyooka."

"Daktari, watoto hawanywi dawa tangu Januari."

"Unajua watakufanya nini? Wewe, Bernadetha. Jina lako ndilo liko juu ya programu."

Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu asubuhi. Aliwaona polisi wakija kumchukua nyumbani Dumila, baba yake akitoka zizini kuwapokea. "Najua," alisema.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Thadeo, na mkononi ameshika sanduku la mbao la darubini.

"Vitalis," alisema, wala hakusema Daktari. "Mtoto akifa wiki hii, utamwambia mama yake ulikuwa unahakikisha?"

Daktari Vitalis alilitazama dirisha alilokuwa amelifunga. Ndipo Bernadetha akaelewa kwamba yule mtu hakuwa mbaya, alikuwa anaogopa kama yeye. Mwishowe Daktari akavuta simu.

Ilichukua saa tatu. Watoto tisa walipatikana kupitia manesi wa zahanati, wengine kwa simu, wengine kwa redio ya upepo, na kwa kila mmoja Daktari alirudia maneno yaleyale: mrudishieni dawa leo hii, akiwa na homa mleteni. Wa kumi alikuwa Lumuma. Nesi wa huko alisikika kwa shida.

"Mia mbili na tatu? Tabea, binti wa Consolata?" Redio ikakwaruza. "Huyo tumemzika Jumamosi, Daktari. Homa ya siku mbili."

Bernadetha alishika ukingo wa kabati. Jumamosi alikuwa amefua nguo zake, akasuka nywele.

Aliyebaki ni Kulwa. Munisagara hapakuwa na simu, barabara ilikuwa imekatika, na treni zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu mto Mkondoa ulikuwa unakula tuta la reli. Thadeo alikwenda stesheni akarudi na habari kwamba Cleopa, fundi wa njia, anatoka na kiberenge asubuhi kukagua reli. Ana nafasi ya watu wawili.

Waliondoka saa moja asubuhi. Kiberenge kile kilikuwa jukwaa la mbao lenye injini na benchi moja, hakina ukingo pembeni. Thadeo alipakata darubini yake, Bernadetha alipakata mfuko wa dawa. Mara tu walipoacha nyumba za mwisho mto ukawasogelea upande wa kushoto, mwekundu, umebeba migomba mizima na mizizi yake. Cleopa aliendesha akiwa ameinama mbele, akitazama reli na si kingine chochote.

Walipofika mahali mto unapopinda alifunga breki. Mbele yao tuta lilikuwa limemomonyoka kwa urefu wa hatua kama kumi na tano. Reli mbili zilikuwa zinaning'inia na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa, na chini yake maji yakipita.

"Kikiwa kitupu kitapita," Cleopa alisema. "Ninyi mtatembea. Kanyageni taruma, msikanyage katikati. Na msitazame chini."

Thadeo alitangulia, sanduku kifuani. Bernadetha alifuata. Kwenye taruma la nne alitazama chini. Maji yalikuwa yanakimbia kwa kasi hata akaona kama ni yeye anayekimbia kurudi nyuma, na miguu ikaganda. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kurudi. Alisikia sauti ikilia, akachelewa kutambua kuwa ni yake.

"Hesabu!" Thadeo alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Hesabu mataruma, binti! Anza!"

Akahesabu kwa sauti, meno yakigongana. Alipofika ng'ambo aliketi juu ya kokoto akatapika. Hata kiberenge kilipovuka nyuma yao, polepole, reli zikilia, hakuinua uso.

Nyumba ya Budeba ilikuwa kilimani juu ya stesheni, karibu na shamba la mahindi. Budeba mwenyewe alikuwa na ng'ombe mbugani. Mama Kulwa alitoka akifuta mikono, na alipomwona Bernadetha uso wake ulichangamka.

"Mwangaluka, mayu," Bernadetha aliamkia kwa Kisukuma. "Kulwa yuko wapi?"

"Amelala. Tangu jana mwili moto. Malaria hii, mvua zimezidi." Kisha akamtazama vizuri, akamtazama Thadeo na sanduku lake, na uchangamfu ukaondoka. "Kuna nini?"

Bernadetha alimwambia. Alisema yote palepale mlangoni, haraka, kwamba kikaratasi kilikuwa cha uongo, kwamba aliyekosea si nesi wala maabara bali ni yeye, kwamba Kulwa ana ugonjwa uleule wa Doto na lazima aende hospitali sasa hivi.

Mama Kulwa aliingia ndani. Akarudi na kile kikaratasi, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hiki uliniandikia wewe?"

"Ndiyo."

"Ukasema mtoto mzima. Leo unasema mgonjwa. Unataka nimpandishe mwanangu kwenye reli zinazoning'inia kwa neno lako?" Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Nitajuaje kama leo ndipo unapokosea?"

Ndani mtoto alikohoa, kikohozi kifupi kikavu. Kila dakika waliyosimama pale Bernadetha aliihisi mgongoni.

Thadeo ndiye aliyesogea. "Mama, una haki. Usituamini. Tazama mwenyewe." Akaweka darubini juu ya kinu kilichogeuzwa, akageuza kioo chake kidogo kulifuata jua lililokuwa limechomoza kati ya mawingu. Walimpa Kulwa dawa ya homa na penisilini ya kwanza, mama akikubali kwa kichwa. Kisha Thadeo akamchoma kidole, akachanganya tone la damu na maji ya dawa, akalifunika kwa kigae cha kioo.

"Na yangu," Bernadetha alisema. "Weka na yangu aone tofauti."

Alipokwisha kutoa kidole ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kupimwa. Bibi yake mzaa baba alikuwa amezika watoto watatu. Alisimama akisubiri dakika kumi dawa ifanye kazi kwenye vioo, akiwa na hofu mbili zinazosukumana ndani yake, na akajichukia kwa ile ya pili.

Mama Kulwa aliinama akafumba jicho moja. Alitazama damu ya Bernadetha kwanza.

"Naona viduara. Kama punje za mtama."

"Sawa," Thadeo alisema, akabadilisha kioo. "Na sasa?"

Alikaa ameinama muda mrefu. Kuku alipita chini ya kinu. Alipoinuka machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika.

"Ni miundu," alisema. "Ni miundu mitupu." Akaingia ndani, akatoka na Kulwa mgongoni amefungwa kwa kanga mbili, akapita mbele yao kuelekea stesheni bila kufunga mlango.

Walipofika kwenye tuta lile maji yalikuwa yamepanda. Mama Kulwa alivuka wa kwanza, mtoto mgongoni, hakusimama hata mara moja. Bernadetha alivuka akimtazama Kulwa, kichwa chake kilivyoyumba upande huu na upande ule, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi. Upande wa pili, walipobanana watatu kwenye benchi la kiberenge, aliweka kiganja mgongoni mwa mtoto na hakukiondoa hadi Kilosa, kwa sababu aliogopa kwamba akikiondoa pumzi zile zitakoma.

Vichomi, walisema hospitalini. Mngechelewa hadi kesho tusingekuwa na la kufanya. Kulwa alilala wodini siku tisa, na siku ya kumi alitoka akitembea. Mama yake alimshukuru Thadeo. Mbele ya Bernadetha alipita bila kumtazama, na Bernadetha aliona ni halali yake.

Wafadhili walikuja, wakahoji kwa siku tatu. Daktari Vitalis alisema mbele yao kwamba yeye ndiye aliyetoa majibu bila kuyapima kwa darubini, na akaandika hivyo kwenye ripoti. Polisi hawakuja. Bernadetha aliachwa aendelee kwa sharti kwamba hakuna jibu litakalotoka kabla Thadeo hajalishuhudia kwa macho. Lakini kila alipoketi mbele ya kompyuta alihesabu upya kwa ncha ya kalamu. Kila sifuri ilimtisha.

Mvua zilipopungua alikwenda Lumuma. Hakuna aliyemtuma. Consolata, mama yake Tabea, alimkaribisha kigoda, akamsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho huku akipepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Angekuwa anakunywa kile kidonge," aliuliza, "angepona?"

"Sijui, mama. Lakini angekuwa na nafasi. Sisi tulimnyang'anya nafasi hiyo. Mimi."

Ungo ulizunguka mara kadhaa. "Nimekusikia," Consolata alisema. "Sasa usiniambie mimi peke yangu hapa uani. Kesho ni kliniki. Nenda kaseme mbele ya wote."

Kesho yake kwenye zahanati kulikuwa na kina mama wapatao thelathini, wamekaa kwenye mabenchi na chini ya upenu, watoto migongoni na mapajani. Nesi aliwaomba wanyamaze. Bernadetha alisimama mbele yao, akiwa ameshika ukingo wa meza ya kupimia uzito. Akajitaja jina. Akaeleza alichofanya. Alipolitaja jina la Tabea, wanawake wawili waliinamisha vichwa.

Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa mawe.

Mama mmoja wa benchi la nyuma akainuka. Alikuja mbele akipenya kati ya magoti ya wenzake, akampa Bernadetha kadi ya mtoto wake, imechakaa, na kikaratasi cha Januari kimebandikwa kwa pini.

"Na huyu wangu?" aliuliza. "Nisomee tena."

Nyuma yake wengine wakaanza kuinuka, kadi mikononi.